Sabuni Isiyopikwa

Mama yangu alifundishwa kupika sabuni na mama mkwe wake kule Bukavu, na tulipohamia Kampala sabuni ndiyo iliyotulisha. Tulipanga vyumba viwili Nateete, nyuma ya soko, penye ua mdogo wa saruji iliyopasukapasuka. Hapo uani mama aliweka pipa la chuma juu ya mafiga, akamimina mawese na maji ya kostiki, ile chumvi kali inayochoma ngozi, akawasha moto. Mimi nilikoroga kwa mwiko wa mbao ulionipita urefu. Sabuni ikishakolea mama alitia chumvi ya kawaida, nayo ikajitenga na kuelea juu, nzito kama ugali wa muhogo. Maji meusi yaliyobaki chini tuliyamwaga mtaroni. Kesho yake tulikata miche kwa waya, na mama akaipeleka sokoni.

Aliionea fahari kazi hiyo. Alijua kama sabuni imeiva kwa kuigusa na ncha ya ulimi. Ikimuuma, aliongeza kuni. Isipomuuma, alitema mate, akajifuta mdomo na kusema, "Imekubali." Wafuaji wengi wa Nateete waliijua sabuni yake, yenye rangi ya tofali, ngumu, isiyoisha upesi.

Moshi tuliuona kuwa sehemu ya kazi. Tulijifunga vitambaa puani, tukakohoa, tukaendelea. Wakati wa mvua, mwanamume aliyetuletea kuni kwa baiskeli alikuja na kuni mbichi, na siku hizo ua wote ulikuwa mweupe hata nisimwone mama upande wa pili wa pipa. Nilimtambua kwa sauti tu, maana alipenda kuimba nyimbo za kanisani akiwa motoni.

Nyuma ya ukuta wetu aliishi polisi mstaafu na mkewe. Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye nyumba za polisi Naguru kabla ya kujenga kwake, na mtaa mzima ulimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi, cha kuamrisha. Aliwahi kumlalamikia mwenyekiti wa mtaa, naye mwenyekiti alikuja, akalitazama pipa, akasema tujitahidi kupunguza moshi, akaenda zake. Sisi hatukujua moshi hupunguzwaje, kwa hiyo hatukupunguza chochote.

Siku moja Afande alikuja mwenyewe. Alipitia getini, amevaa shati lililopigwa pasi, akasimama mbali kidogo na moto.

"Mama," alimwambia mama yangu, "mimi sikuja na maneno mingi. Hii moshi yenu nasumbua bibi yangu. Kifua yake ni mgonjwa."

"Pole sana, Afande," mama alisema. "Tutapika mapema zaidi."

"Mapema ndio mbaya. Mapema analala." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, binti. Kesho mama yako akiwasha moto, njoo ukae kwangu. Ukae tu. Halafu utarudi kwa mama yako."

Nilifikiri ananitisha. Lakini asubuhi nilikwenda, kwa sababu si rahisi kukataa sauti ya namna ile.

Mkewe alikuwa mama mwembamba wa Kiganda, mwenye vazi la gomesi lililofifia na macho makubwa. Naye alijua Kiswahili kidogo, alichookota kambini. Alinikaribisha kitini, akaniletea chai ya maziwa, akaketi kitandani kwake, maana kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni ili asitembee sana. Tukazungumza habari za mvua. Kisha nikasikia harufu. Ilikuwa harufu yetu, ile iliyokuwa kwenye nguo zangu zote, ila sikuwahi kukutana nayo nikiwa nimekaa kitini na kikombe cha chai mkononi.

Moshi uliingia kwa matundu ya hewa juu ya dirisha, ukateremka ukutani taratibu. Yule mama aliinuka bila kusema neno. Alivuta stuli, akalowesha vitambaa kwenye beseni lililokuwa pale chini, akapanda na kuvisokomeza ndani ya matundu, kimoja kimoja. Mikono yake ilifanya kazi hiyo kama mikono inayotia chumvi mchuzini, bila kufikiri. Aliposhuka, alishika ukingo wa kitanda na kukohoa mpaka mabega yakamtetemeka. Niliinuka kumsaidia, akanipungia mkono nikae.

"Usimwambie mama yako vibaya," alisema alipopata pumzi. "Mnatafuta chakula. Mimi najua."

Ng'ambo ya ukuta mama yangu alikuwa akikoroga badala yangu, akiimba. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule kila siku ya maisha yangu. Upande huu wa ukuta sikuweza kuusikiliza.

Nilirudi nyumbani, nikamkuta ameketi kwenye kigoda akipumzika.

"Amesema tuzime moto?" aliniuliza.

"Hapana. Hawakusema kitu."

"Basi?"

"Mama, moshi wote unaingia ndani kwa mkewe. Amehamishia kitanda sebuleni na bado unamfuata."

Mama akasema mvua nayo hunyesha juu ya kila paa, na kila mtu huziba panapovuja kwake. Lilikuwa neno gumu, na nadhani yeye mwenyewe alilisikia ugumu wake, kwa kuwa baadaye, tukiwa tunakula, alisema kwa sauti ya chini, "Nikizima huu moto, weye utakula nini?"

Kwaya yetu ya kanisani ilikuwa na dada mmoja Mkenya, mzaliwa wa karibu na Kisumu, aliyefanya kazi kwenye duka la vipodozi mjini. Jumapili baada ya mazoezi nilimsimulia habari ya pipa na yule mama. Alishangaa kwamba bado tunapika.

"Shangazi yangu hutengeneza sabuni ya miche bila moto hata kidogo," alisema. "Ukitia kostiki kwenye maji, si unaona maji yanachemka yenyewe?"

Nilikuwa nimeliona hilo tangu utotoni na sikuwahi kulifikiria. Akanieleza: kila kitu kinapimwa kwenye mizani, maji ya kostiki yanaachwa yapoe kidogo, yanachanganywa na mafuta, yanakorogwa, yanamiminwa kwenye kisanduku na kufunikwa. Kazi iliyobaki inafanyika yenyewe humo ndani. Hakuna kutia chumvi, kwa hiyo hakuna maji meusi ya kumwaga. Shida ni moja, alisema. Miche lazima ikae rafuni wiki kadhaa ndipo iwe salama kwa ngozi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Sabuni isiyopikwa," alisema, "ni mafuta yaliyochafuka."

Nilijaribu peke yangu, kwenye ndoo, asubuhi mama alipokwenda sokoni. Mchanganyiko uliganda upesi sana, nikafurahi, nikaumimina kisandukuni na kuufunika kwa blanketi. Kesho yake nilipofunua nilikuta mafuta ya manjano yanaelea juu, na chini maji makali yaliyokula mbao za kisanduku. Mama alipita, akachungulia, akaendelea na shughuli zake. Afadhali angenicheka.

Wiki hiyohiyo mke wa Afande alipelekwa hospitali. Tuliona gari limesimama nje, tukamwona akitolewa amekalishwa kwenye kiti, vijana wawili wamekibeba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na hatukuwa tumewasha moto. "Leo hatukupika," mama aliniambia. Mchana akasema tena, akiwa anachambua mchele, wala sikuwa nimemuuliza kitu. "Leo hatukupika sisi."

Jumapili alijaza uji kwenye chupa ya chai, akavaa kitenge chake cha kanisani, akasema tunakwenda hospitali ya Nsambya. Wodini tulimkuta mgonjwa ameegemezwa mito, na Afande amekaa kando yake, kofia juu ya goti. Alisimama kutupisha kiti. Mama alikataa kuketi.

"Daktari anasema nini?" aliuliza.

"Anasema ni vitu mingi," Afande alijibu. "Makaa ya jikoni, miaka mingi. Vumbi ya barabara. Moshi." Hakusema moshi upi.

Mama alitazama sakafu. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, nilimsikia akiyapanga njiani, lakini pale alisimama tu ameshika chupa ya uji kama mtu aliyekosea nyumba. Ndipo mgonjwa akanyoosha mkono, akamshika mama kifundo cha mkono na kuipandisha mikono ya blauzi yake. Mikono ya mama yangu ilikuwa na makovu mpaka viwikoni, ya mawese yaliyoruka na ya kostiki. Yule mama aliyapapasa taratibu.

"Na wewe moto imekukula," alisema.

Mama alimimina uji kikombeni, akamshikia anywe.

Tulirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu mama alitaka kutembea. Tulipofika nyumbani alivua kitenge kizuri, akavaa cha kazi, akalizunguka pipa lake lililopoa. Kisha akasema, "Niletee ile ndoo yako. Nionyeshe ulifanya nini."

Nilimweleza hatua kwa hatua. Nilipofika pale mchanganyiko ulipoganda upesi, alinikatiza.

"Ulifanya saa ngapi?"

"Asubuhi, ulipotoka."

"Mawese yalikuwa yamelala. Asubuhi huku kuna baridi, yanaganda yenyewe. Weye uliona yanakuwa mazito ukafikiri ni sabuni. Ilikuwa baridi."

Kesho yake tulianika mawese kwenye madumu meusi juu ya bati, kwenye jua, mpaka yakawa mepesi na mekundu kama chai ya rangi. Dada wa kwaya alitupatia miwani ya kinga na glovu ndefu za mpira, mama akalalamika kwamba amefanana na mtu wa kuchimba migodi, lakini alizivaa. Mimi nilipima kwenye mizani, yeye akakoroga. Alikoroga bila kuimba, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu anayeongea chini. Ghafla akainua mwiko, akaangalia alama uliyoiacha juu ya mchanganyiko.

"Sasa," alisema.

Tulimimina na kufunika. Jioni niliweka kiganja juu ya blanketi, nikakuta joto. Nilimwita mama aje aguse. Aliweka mkono wake kando ya wangu, hakuuondoa kwa muda mrefu. Kwenye ua mzima hapakuwa na hata kijinga cha moto.

Kusubiri ndiko kulikotutesa. Sabuni ilikaa rafuni, na sisi hatukuwa na cha kupeleka sokoni. Mama aligusa miche kwa ulimi kila mara, akakunja uso. "Bado inauma." Mimi nilikwenda kufua nguo za watu kule Naguru, kwenye nyumba za mlimani, nyumba hii Jumatatu, ile Jumatano. Nilirudi mgongo umekufa, nikamkuta mama amekaa mbele ya rafu kama anayelinda wagonjwa.

Katika siku hizo ndipo nilipoona jambo lililokuwa mbele yangu miaka yote. Karibu na steji ya teksi, wakaangaji walikuwa wakimwaga mafuta yao yaliyochakaa kwenye mtaro uleule tuliomwagia maji yetu meusi. Mtaro ulikuwa umeziba kwa uto mgumu wa kijivu. Mawese yetu yalitoka mbali, na hayakupatikana kila wiki. Nikaanza kupita na madumu jioni, nikiwaomba wanimwagie mimi badala ya mtaro. Wengi walikubali bila kuniuliza, wachache walidhani nataka kuyauza tena kwa kupikia na wakanifukuza. Nyumbani tuliyachanganya na maji vuguvugu ya chumvi, tukayaacha yatulie, makombo yakazama chini, tukayachuja kwa kitambaa. Nusu mawese, nusu mafuta ya mtaani. Sabuni ilitoka nyeupe kidogo, laini mkononi. Ilipokomaa nilichukua miche nikaenda nayo Naguru, nikafulia mashuka ya nyumba moja.

Mama mwenye nyumba ile alikuwa mtu mpole. Wiki iliyofuata alinisubiri mlangoni.

"Dada, juzi ulifua kwa sabuni gani?"

"Ni ya kwetu, mama. Tunatengeneza wenyewe."

"Inatakatisha vizuri. Lakini mume wangu analala anaota samaki."

Nilinusa shuka. Ni kweli, lilinukia sato wa kukaanga. Nilifua upya mashuka ya kitanda kizima kwa uso ulioniwaka, na yeye akakaa ngazini akinisimulia mambo yake ili nisione haya. Tangu hapo hatukuchukua tena mafuta ya wakaanga samaki. Tulibaki na ya chapati na chipsi, na mama akaanza kuchemsha mchaichai kwenye sufuria ndogo na kuutumia ule mchuzi wake, ukishapoa, badala ya maji matupu. Harufu yake haikudumu sana, lakini ile ya jikoni iliondoka.

Jambo lililoniuma ni mtu wa kuni. Alikuja na baiskeli yake imejaa, kama kawaida, na mama akamwambia hatuhitaji tena. Alidhani tumepata mwingine mwenye bei nafuu. Mama alimwonyesha rafu, akamwonyesha pipa lililokwisha kuota kutu, akamweleza yote. Alisikiliza kwa heshima. Aliuliza kama labda tutahitaji kidogo, za kupikia chakula. Mama alinunua mzigo ule wa siku ile, wote, ingawa hatukuwa na kazi nao. Tulimwuliza kama angependa kutuzungushia madumu ya mafuta kwa baiskeli yake, akasema atafikiri. Hakurudi. Nimewahi kumwona mara moja barabarani, baiskeli imebeba mikungu ya matoke, nikamwita, lakini hakunisikia, au hakutaka.

Sokoni nako kulikuwa na maneno. Wateja walizoea mche wa rangi ya tofali, wakasema sabuni ya mama imeugua. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akichukua miche yetu mingi aliihama kabisa. Wengine walirudi polepole, hasa wanawake wanaofulia watu, kwa sababu hii mpya haikupasua mikono yao kama ile ya zamani. Mama alikuwa akiigeuza mikono yao mbele ya wanunuzi wengine kama ushahidi. Biashara yetu leo si kubwa kuliko ilivyokuwa wakati wa pipa. Inatutosha kwa shida, kama zamani.

Mke wa Afande alirejea kutoka hospitali na dawa ya kuvuta kwa mdomo. Hakupona, na sitaki kudanganya kwamba sisi tulimponya. Asubuhi nyingine hukohoa vilevile, na majirani wengine bado wanapikia makaa. Lakini kitanda chake kilirudi chumbani. Na siku zenye jua alianza kuja kwetu, akiongozwa mkono na mumewe mpaka getini, akaketi na mama kukata miche kwa waya. Lugha zao hazikukutana vizuri. Mama alisema Kiswahili cha Bukavu, mwenzake akajibu Kiganda kilichochanganywa na maneno ya kambini, na kila mmoja alimaliza hadithi yake akiamini amesikika.

Mvua za mwaka huu zilitukuta rafu zimejaa. Sabuni hii haipendi unyevunyevu. Miche ilianza kutoa jasho, ikawa na matone juu kama mtu mwenye homa, na bati letu likavuja pabaya. Tulihamisha sabuni chini ya vitanda, juu ya kabati, mpaka hatukuwa na pa kukanyaga. Afande alikuja kumchukua mkewe, akasimama mlangoni akitazama hali yetu.

"Nyumba ya gari yangu ni kavu," alisema.

Tulijua kilichokuwa humo. Alikuwa na gari alilolinunua akiwa kazini, limekufa siku nyingi, lakini kila Jumamosi alilipangusa vumbi na kukaa ndani yake akisikiliza redio.

"Na gari, Afande?" mama aliuliza.

"Gari haina kifua."

Aliita vijana wa mtaani, wakalisukuma nje, akalifunika kwa turubai na kulifunga kamba mwenyewe, akikagua kila fundo. Kisha tukaanza kuhamisha miche, tukiipitisha juu ya ukuta, mimi upande huu na yeye upande ule. Mama alitaka ipangwe kwa kupishana ili hewa ipite. Afande alitaka mistari iliyonyooka. Wakaamrishana mbele ya rafu za nyumba ya gari, kila mmoja akiipangua kazi ya mwenzake, huku mkewe amekaa barazani, shuka mabegani, akiwatazama.

"Mistari hapana, Afande," mama alisema. "Iache ipumue."

Yule mama alicheka mpaka akakohoa. Sote tuliacha mikono hewani kumsikiliza. Kikohozi kilimpita, akajifuta macho, akaendelea kucheka, na Afande akaanza kupangua mstari wake wa kwanza.